Wagyu kwenye yakiniku: sekunde chache tu
Wagyu ni nyama ya ng'ombe wa Kijapani; yakiniku ni mlo wa Kijapani wa kujichomea vipande vya nyama mezani. A5, daraja la juu la nyama hii, si alama ya utamu. Herufi, A hadi C, hupima kiasi cha nyama kinachopatikana kwenye mzoga. Namba, 1 hadi 5, hupima ubora, yakiwemo mafuta yaliyosambaa ndani ya mnofu.

Anza na ulimi wa ng'ombe kwa chumvi na limau, kabla sosi tamu ya tare haijaungulia kwenye wavu. Kipande chembamba cha wagyu kinataka sekunde chache kila upande. Ukikisahau, mafuta yanayeyuka yote na unabaki kutafuna nyama ngumu kama kamba ya katani.

Usijaze wavu. Mafuta mengi yakidondokea makaa, moto huruka na nyama hunuka masizi. Isogeze pembeni, au weka barafu juu ya wavu. Koleo la nyama mbichi lisiguse iliyoiva. Agiza kidogo kidogo: mafuta haya hukinaisha haraka.