Hata Kama Mhalifu Hajakamatwa, Msaada Ni Haki Yako

"Sasa nikaripoti nini, na wala simjui aliyenifanyia?" Swali hili nimeulizwa na watu wengi, karibu kila mara kwa sauti ya chini. Mimi hujitolea kuwasindikiza waliovamiwa, walioibiwa na waliobakwa: naketi nao kwenye mabenchi ya hospitali, ya polisi na ya mahakama mpaka wahudumiwe. Wengi hukaa na maumivu yao nyumbani kwa kuamini kwamba pasipo mshukiwa hakuna msaada. Si kweli, na inaniuma kuona imani hiyo ikiwanyima watu matibabu.

Tarehe 29 Novemba 1985, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha tamko kuhusu haki za waathirika wa uhalifu. Tamko hilo linasema mtu anaweza kuhesabiwa mwathirika hata kama aliyemdhuru hajatambuliwa, hajakamatwa, hajashtakiwa wala hajatiwa hatiani. Linawataja pia ndugu wa karibu na wanaomtegemea mwathirika, pamoja na mtu aliyeumia alipokwenda kumwokoa mwenzake. Huyu wa mwisho husahaulika sana. Jirani aliyekatwa panga akizuia wizi hupewa pole na kusifiwa ushujaa, kisha gharama za matibabu anabaki nazo mwenyewe. Tamko peke yake halimlazimishi mtu kukulipa, lakini nchi nyingi zimetunga sheria zao kwa kufuata misingi yake. Umoja wa Ulaya, katika maelekezo yake ya mwaka 2012, ulikwenda mbali zaidi: huduma za msaada zisitegemee mwathirika kufungua malalamiko rasmi.

Kwa aliyebakwa nasema bila kusita: hospitali kwanza. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku 5, navyo pia vikiwahiwa ni bora. Kama inawezekana usioge kwanza, na nguo ulizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu ndani ya plastiki unyevunyevu huharibu ushahidi. Umeshaoga? Nenda vilevile. Ukiambiwa ulete karatasi ya polisi kwanza, omba matibabu yaanze, karatasi ifuate. Nilimsindikiza binti mmoja ambaye jamaa zake walimweka ndani wakingoja kikao cha familia kiamue kama jambo litolewe nje. Kikao kilipomalizika, saa 72 zilikuwa zimepita. Daktari alifanya yote yaliyobaki kufanywa, lakini dawa ile haikuwa na maana tena. Ndugu wapendwa, jadilianeni baadaye.

Aliyetapeliwa pesa kwa simu au kwa kadi aanze na benki au kampuni ya simu, azuie akaunti na laini, ndipo aende polisi. Huko omba namba ya jalada na jina la mpelelezi, uyaandike mahali ambapo hayatapotea. Bila namba hiyo, kila ukirudi utaanza kusimulia upya kwa mtu mwingine, na kusimulia upya ni kuumizwa upya.

Kuhusu fidia, watu huchanganya mambo mawili. Kuna ile ambayo mahakama humwamuru mhalifu amlipe aliyemdhuru, na hiyo kweli inahitaji apatikane na atiwe hatiani. Na kuna ile inayotolewa na serikali, katika nchi zilizoianzisha. New Zealand ilitangulia kuitungia sheria mwaka 1963, Uingereza ikaanzisha mpango wake mwaka 1964, na California mwaka 1965. Marekani iliunda mfuko wa taifa mwaka 1984, unaojazwa kwa faini wanazotozwa wahalifu wenyewe. Mpango huo naupenda kwa haki iliyomo. Fidia ya namna hii kwa kawaida huangalia majeraha, kipato kilichopotea na mazishi, mara chache sana mali iliyoibwa. Ina muda wa mwisho wa kuomba, na huhitaji vielelezo. Kwa hiyo tunza kila risiti: ya dawa, ya nauli, ya miwani iliyovunjwa.

Kukosa usingizi, kushtuka mlango ukigongwa, hasira zisizo na sababu: hayo huja, na kwa wengi hupungua polepole. Yasipopungua, muone mshauri nasaha au daktari. Ila msimkalishe mtu siku ileile na kumtaka aeleze kila kitu "ili atoe moyoni". Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo. Linashauri huduma ya kwanza ya kisaikolojia: hakikisha yuko salama, msikilize kama anataka kusema, msaidie mahitaji ya saa hiyo, muunganishe na watu wake. Hayo hata jirani anaweza kuyafanya.

Kesi ikifika mahakamani, kumbuka mwendesha mashtaka anaiwakilisha serikali, si wewe. Ukitaka mtu wa kukutazamia haki zako, tafuta msaada wa kisheria. Vyama vya wanasheria na vitivo vya sheria vya vyuo vikuu mara nyingi huutoa bila malipo. Uliza kama unaruhusiwa kuieleza mahakama madhara uliyoyapata kabla ya hukumu. Uliza kama unaweza kusubiri katika chumba tofauti na alipo mshtakiwa, maana kukutana naye kwenye korido kumewavunja moyo mashahidi wengi. Na mapema kabisa, mwombe mpelelezi akuarifu endapo mshtakiwa atapewa dhamana, umwachie namba ya simu ambayo hupokelewa hata usiku.