Mnaorudi Tanga, Hale bado ina kazi

Anayerudi Tanga baada ya miaka ughaibuni, akishapita Segera, anaiona Hale dirishani: mkonge, nguzo za umeme, kisha Muheza. Kituo chenyewe cha umeme wa maji haoni, maana mashine zimo chini ya ardhi, ndani ya mwamba. Ziko mbili, kila moja megawati 10.5, na kituo kilianza kazi mwaka 1964.

Wengi wanaorudi, hasa wahandisi, huuliza: kwa nini Sweden, kupitia shirika lake la misaada, Sida, itoe fedha za kukarabati chuma cha zama hizo badala ya kujenga kipya? Ni kwa sababu kwenye umeme wa maji gharama kubwa iko kwenye mwamba uliochimbwa na zege lililomwagwa, na vitu hivyo bado vinafaa. Mashine ikilala, maji ya Mto Pangani hupita tu. Yatakwenda kuzungusha New Pangani Falls yenye megawati 68, lakini maporomoko ya Hale yatakuwa yamepotea bure.

Kwa hiyo ukarabati una maana. Unapoharibika ni kwenye mkataba.

Mara nyingi orodha ya kazi huandikwa wakati mashine bado imefungwa. Mkandarasi anapokuja kuifungua ndipo yanapoonekana ya ndani: bushi, yaani vipete vya egemeo, za milango ya kuelekeza maji zimeliwa na mchanga, pete za kuzuia uvujaji zimepanuka, gurudumu la tabaini, linalozungushwa na maji, limetoboka. Kila nyongeza inatoka kwa mkandarasi kwenda kwa mshauri, kwa mwenye kituo, hadi kwa mfadhili kuombewa kibali. Huku mashine iko wazi, shafti, mhimili wake, imelala sakafuni. Dawa yake tunaisema bila kusita: fungua mashine moja, ile mbovu zaidi, kabla ya kutangaza zabuni. Pima unene wa bomba la maji kwa mawimbi ya sauti. Weka kwenye zabuni bei ya kila bushi na kila kilo ya kuchomelea, na utenge akiba ya dharura ya asilimia 10 hadi 15.

Gurudumu linataka subira. Pitisha kidole nyuma ya bapa lake, karibu na ukingo maji yanakotokea: utasikia vishimo kama vya sifongo, vilivyochimbwa na mapovu ya mvuke yanayopasuka juu ya chuma. Chonga hadi ufikie chuma kizima, jaza kwa chuma kisichoshika kutu, kisha nyoosha kwa kufuata kigezo cha umbo la awali. Chomelea kidogo kidogo, ukihama kutoka bapa moja kwenda linalolikabili. Fundi akikazania bapa moja, joto linalipinda, na mtetemo utamfuata hadi siku ya majaribio. Ukimaliza, sawazisha uzito kabla ya kurudisha.

Kwa jenereta, pima insulesheni (kinga ya kuzuia umeme kuvuja) ya koili za stata, sehemu isiyozunguka, usome baada ya dakika 1 na tena baada ya dakika 10. Gawanya cha pili kwa cha kwanza. Ukipata chini ya 2, usikimbilie kuagiza koili mpya: ndani ya mwamba unyevu ni mwingi, kausha kwanza, upime tena. Na hita za jenereta ziwake kila mashine inaposimama. Zikizimwa ili kubana matumizi, hasara yake ni kubwa kuliko umeme uliookolewa.

Kreni ipimwe kwa uzito wa majaribio kabla ya kugusa rota, sehemu ya jenereta inayozunguka. Pampu za kuondoa maji ya chini ziwe na umeme wa akiba, kwani pango likifurika mashine zote mbili zimekwenda. Mafuta ya transfoma za zamani yapimwe PCB, kemikali yenye sumu, kabla ya pipa hata moja kutoka getini. Wakati wa kuunganisha, shafti isiiname zaidi ya milimita 0.02 kwa kila mita.

Mnaorudi na ujuzi wa kompyuta za mitambo, mahali penu ni kwenye makabidhiano. Kidhibiti mwendo kipya ni cha dijitali, na vituo vingi hubaki bila nywila yake: mkandarasi akiondoka, kubadili thamani moja tu kunasubiri tiketi ya ndege. Nywila, nakala ya programu, michoro ya mwisho na spea za kadi za umeme viwe mezani kabla ya mtu yeyote kusaini.