Saladi ya Kushiba kwa Maharage na Dagaa wa Kigoma

Saladi nyingi wanazokula watu wanaopunguza uzito huwarudishia njaa kabla jua halijaanza kushuka. Mtu anamaliza sahani ya kabichi, tango na nyanya saa saba mchana, na ikifika saa kumi yuko mbele ya kabati la maandazi akijilaumu kwamba hana msimamo, ilhali msimamo wake hauna dosari yoyote. Tango ni maji kwa zaidi ya asilimia 95, na gramu 100 za kabichi mbichi zina kalori zipatazo 25 tu. Mboga hizo hujaza tumbo kwa muda, jambo ambalo ni la msaada mkubwa, lakini zisipoambatana na protini na nyuzinyuzi za kutosha, shibe yake haikai. Mimi nakaa Mwanga, mjini Kigoma, na mlo wangu wa mchana siku hizi ni saladi. Ninayoipanga huanzia kwenye maharage na dagaa, kisha majani hufuata.

Maharage ndiyo yanayobeba mzigo wa shibe. Gramu 100 za maharage yaliyoiva zina takribani kalori 130, protini gramu 8 au zaidi kidogo, na nyuzinyuzi za kutosha kulifanya tumbo liende polepole. Mkoa wetu umejaliwa maharage mazuri kutoka Kasulu na Kibondo, na kwa saladi napendelea ya njano, kwa sababu ngozi yake ni laini na hayahitaji mchuzi ili yapendeze mdomoni. Nayaloweka usiku kucha, namwaga maji yale, kisha nayachemsha kwa maji mapya yanayotokota kweli kweli, kwa kuwa maharage yasiyoiva vizuri, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosokota tumbo na kuleta kutapika. Ya saladi huepuliwa mapema kuliko ya kuunga: punje iminyike kwa vidole viwili bila kupasuka. Nikishayachuja nayaacha yapoe kabisa, kwani maharage ya moto yakikutana na nyanya huzaa uji usiotamanika. Asiye na jokofu apike ya siku hiyo tu, maana joto la Kigoma halina subira na maharage yaliyolala.

Dagaa nao wanastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu wengi huwaharibu kwa kuwakaanga ndani ya mafuta mengi. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa aliyekaushwa vizuri ni protini, na kwa kuwa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, humpa mlaji madini ya chokaa pia. Ukifika mwalo wa Kibirizi au sokoni, chagua wale weupe wenye kung'aa, waliokauka hadi wanatoa sauti ukiwatikisa kiganjani. Walioanikwa kwenye chanja huwa na mchanga kidogo kuliko walioanikwa chini. Nyumbani natoa vichwa na kuvuta uchafu wa tumboni, nawaosha upesi kwa maji ya uvuguvugu, nawakausha kwa kitambaa safi, kisha nawaweka kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo. Mwanzoni watatoa mvuke na harufu ya ziwa. Baadaye harufu hiyo inageuka kuwa ya kitu kilichochomwa, migongo yao inapata rangi ya dhahabu, na ukimvunja mmoja anakatika kwa mlio. Hapo nawaepua na kuwakamulia ndimu wangali na moto. Huongezwa kwenye bakuli wakati wa kula, kwani wakikaa na nyanya hulainika na kupoteza ule ukakamavu unaomfanya mtu atafune taratibu.

Kwa upande wa majani, nakata kabichi nyembamba sana, naifikicha na chumvi kidogo ili ilegee, kisha naongeza karoti iliyokwaruzwa, kitunguu kilichooshwa kuondoa ukali, nyanya, tango na pilipili hoho. Majani haya yote huoshwa kwa maji safi na salama, na maji ya ziwa ambayo hayajatibiwa si salama hata yakionekana maangavu namna gani. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, kaskazini mwa mwambao wetu karibu na mpaka wa Burundi, na chakula kibichi ni moja ya njia ambazo ugonjwa huo huzitumia. Ndimu inayonyunyizwa juu ina kazi zaidi ya kuleta uchachu, kwa kuwa vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Chai ya rangi hufanya kinyume chake, hivyo ni vyema ikasubiri kwanza.

Mafuta ndipo penye ubishi, hasa kwa sisi tuliolelewa kwa mawese. Nimesikia mara nyingi kwamba mawese, kwa kuwa ni ya asili, hayanenepeshi, na kauli hiyo haina ukweli hata kidogo: kijiko kimoja cha chakula kina takribani kalori 120, sawa na mafuta mengine yote ya kupikia. Hata hivyo sishauri kuyaondoa kabisa, kwa sababu rangi ile nyekundu inatokana na viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, na viini hivyo, pamoja na vile vya karoti, huhitaji mafuta kiasi ili vifyonzwe. Kijiko kimoja cha chai kinatosha. Nakipasha moto pamoja na kitunguu saumu na pilipili kichaa, kisha naumimina mchanganyiko huo juu ya bakuli na kugeuza mara moja, kwa kuwa mawese hupenda kuganda yakipoa. Siku nikitumia robo ya parachichi, mawese hayaingii. Mayonaizi mimi siitumii.

Bakuli langu huwa na viganja viwili vya maharage, kiganja kimoja kidogo cha dagaa, majani tele, na kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa. Kwa makadirio yangu, hiyo ni kalori kati ya 450 na 550, na protini inayokaribia gramu 30. Wifi yangu alipotutembelea akitokea Kasulu, alilitazama bakuli hilo kwa muda, akaniuliza kwa upole, "Wifi, hiki kitoweo ni kizuri, lakini ugali wake uko wapi?" Nilimpikia ugali wa muhogo, akala pamoja na saladi, na kwa kweli mlo wake haukuwa na tatizo lolote, kwani bonge la ugali lisilozidi ngumi, likichukua nafasi ya kiazi, halivurugi hesabu. Kinachovuruga ni bonge la pili. Ni yeye pia aliyeniuliza kama naumwa au nina mawazo, swali ambalo kila anayepungua mwili huku kwetu atalisikia, na ni heri ajiandae kulijibu bila kukasirika.

Dagaa hawapatikani kwa bei moja mwaka mzima. Siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, kwa kuwa taa zao haziwavuti dagaa pale ziwa zima linapong'aa, na mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Nyakati kama hizo natumia mayai mawili ya kuchemsha, ambayo kwa pamoja yana protini gramu 12 hivi, au naongeza maharage na kuyachanganya na choroko. Karanga zilizokaangwa huleta ukakamavu uleule wa dagaa, ila zipimwe kwa kijiko, kwa sababu gramu 100 zake hukaribia kalori 600, na mkono ukishaingia kwenye bakuli la karanga hautoki mapema.