Jumamosi ya Baba: Stratford au Warwick?

Baba anarudi Tanga wiki ijayo, na mimi nimebakiwa na Jumamosi moja tu isiyo na zamu. Toka amefika Birmingham, muda wake mwingi ameumaliza sebuleni akinisubiri nitoke wodini. Hajalalamika hata mara moja. Anaswali, anasoma, anamsaidia mjukuu wake hesabu, jioni anauliza, "Leo wagonjwa wameamkaje?" Ndiyo maana hii Jumamosi imenikaa rohoni. Nataka apande ndege akiwa na kitu alichokiona kwa macho yake, siyo picha za simu tu.

Sehemu mbili zinaigombania siku hiyo: Stratford-upon-Avon, mji wa Shakespeare, yule mwandishi wa michezo ya kuigiza, na ngome ya Warwick. Kwenye ramani ni majirani, kama kilomita 13 hivi. Mto wao ni mmoja, Avon, unapita chini ya kuta za ngome kisha unateremka hadi Stratford. Hata treni zake zinaondokea kituo kimoja hapa mjini, Moor Street. Rafiki yangu kazini ameniambia, "Si uwapeleke kote tu?" Lakini goti la Baba halitaki mbio, na viingilio vya watu watatu sehemu mbili kwa siku moja ni hela nyingi. Halafu siku ya kukimbizana Baba haimfai. Yeye akifika mahali hupenda kusimama, asome kibao chote mpaka mwisho, kisha aulize maswali.

Mwanangu, ana miaka tisa, ameshaamua zamani. Anataka Warwick. Anataka farasi, deraya na panga, na ndege wawindaji wanaopita juu ya vichwa vya watu. "Mama, kwenye mji wa vitabu tutafanya nini? Vitabu tunavyo." Babu yake alicheka, akasema yeye popote atakapopelekwa atakwenda. Wazazi wetu ndivyo walivyo, ukiwauliza wanachotaka wanakurudishia swali.

Kote nimeshafika, kwa nyakati tofauti, kwa hiyo ninajua ninachochagua.

Warwick nilikwenda na wenzangu wa wodini, na nakiri ngome ile inakushika. William Mshindi aliamuru ijengwe mwaka 1068, miaka miwili baada ya kuiteka Uingereza. Mwanzo ilikuwa kilima cha udongo kilichozungushiwa boma la miti. Mawe yalikuja baadaye. Minara miwili inayotamba leo ni kazi ya ukoo wa Beauchamp wa karne ya 14. Mmoja, Caesar's Tower, una kimo cha mita 44 ukiupima kutoka chini. Mwenzake, Guy's Tower, una mita 39 na pande 12. Ngazi zake ni za mawe, nyembamba, zinajizungusha kwenye giza mpaka unapoteza hesabu ya umezunguka mara ngapi. Kisha unatokea juu, upepo unakupiga usoni, na chini yako kuna mto, mashamba na mapaa ya mji mzima. Pale juu ndipo nilipoelewa ngome ni nini. Aliyeimiliki aliwaona watu wote, na wao wote walijua wanaonwa.

Historia yake ingemtosha mwanangu usiku kucha. Mwaka 1469 Richard Neville, bwana wa Warwick, mtu ambaye Waingereza humwita mtengeneza wafalme, alimkamata Mfalme Edward wa Nne na kumzuia kwenye ngome hii. Mtu ambaye si mfalme anamfungia mfalme nyumbani kwake! Miaka miwili baadaye aliuawa vitani huko Barnet. Na ni Shakespeare huyo huyo, kijana wa mto wa chini, aliyekuja kumpandisha bwana huyo jukwaani.

Ila kilichobaki kichwani mwangu siyo minara. Chini ya Caesar's Tower kuna gereza, chumba cha mawe kisicho na mwanga wa maana, na sakafuni kwenye kona yake kuna shimo lenye wavu wa chuma, gereza ndani ya gereza. Ukutani pamekwaruzwa maandishi ya wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17. Yanasema kwamba John Smyth, mpiga mizinga wa mfalme, alifungwa humo kuanzia 1642. Chini yake aliyeyachora, William Sidiate, ameongeza neno lake mwenyewe: kama chombo chake cha kuchorea kingekuwa bora zaidi, basi kwa ajili ya mwenzake angeirekebisha kila herufi. Nilisimama pale wenzangu wakapanda juu wakaniacha. Mtu yuko gizani, hajui kama atatoka, na kinachomsumbua ni mwandiko. Anataka jina la rafiki yake lisomeke vizuri. Mimi ni mtoto wa mwalimu, nilijua hapo hapo Baba angesema nini. Angesema huyu alikuwa na mwalimu mzuri.

Kwa hiyo msidhani nalidharau jiwe. Ningekuwa na uhakika na goti lake, pengine ningempeleka ateremke kwenye lile gereza asome ule ukuta, hata kama asingeona kingine chochote. Lakini ngazi zile nazikumbuka, na vile vile ninayajua magoti ya wazee. Ndiyo kazi yangu.

Stratford nilikwenda peke yangu, siku ya baridi. Watu wengi huishia Henley Street kwenye nyumba aliyozaliwa Shakespeare, wanapiga picha, wananunua kikombe, wanaondoka. Nyumba yenyewe ni ya mbao na udongo, sakafu ya mawe imepasuka. Baba yake, John Shakespeare, alikuwa mtengeneza glavu. Chumba cha kazi kimepangwa upya, kuna ngozi na mikasi. Kuna kumbukumbu kwamba mwaka 1552 mzee huyo alitozwa faini kwa kuweka lundo la mbolea mtaani hapo. Nimeipenda sana habari hiyo, kwa sababu inawarudisha kwenye ubinadamu. Juu kuna kioo cha dirisha ambacho wageni wa zamani walikwaruza majina yao, akiwemo Walter Scott na Thomas Carlyle. Watu wakubwa, walioandika vitabu vingi, nao walitaka kioo kiseme walifika. Nikamkumbuka Sidiate na ukuta wake.

Nyumba kubwa aliyoinunua Shakespeare mwaka 1597 alipokwisha kupata fedha, New Place, haipo. Mchungaji aliyekuja kuimiliki baadaye aliivunja mwaka 1759, na leo unatembea kwenye bustani mahali ilipokuwa. Kanisani, Holy Trinity, alikobatizwa tarehe 26 Aprili 1564, ndiko alikozikwa 1616, na jiwe la kaburi linamwonya yeyote atakayeihamisha mifupa yake. Hakuna aliyethubutu kuihamishia London.

Lakini ninapomfikiria Baba, nafikiria chumba kimoja tu. Kipo kwenye jengo la kale la baraza la mji, ghorofa ya juu, chini ya boriti za mbao zilizopinda kwa uzee. Ni darasa. Orodha ya wanafunzi wa enzi hizo haikusalia, lakini John Shakespeare aliwahi kuwa mkuu wa mji, mwaka 1568, na watoto wa watu wa hadhi hiyo walisoma pale bure, kwa hiyo wanahistoria karibu wote wanakubaliana kwamba kijana huyo alikaa kwenye mabenchi ya chumba hicho. Alisomeshwa Kilatini tangu asubuhi mapema hadi jioni, kukariri, kutafsiri, kukariri tena. Na baba yake huyo, kwenye nyaraka zilizobaki, alitia alama badala ya sahihi. Baba anatia alama, mtoto anaandika maneno ambayo dunia nzima inayasoma. Katikati yao kuna nani? Kuna mwalimu.

Majina ya walimu wa shule hiyo ya miaka ile yapo: Simon Hunt, Thomas Jenkins, John Cottom. Mshahara wa mwalimu wa Stratford ulikuwa pauni 20 kwa mwaka, pamoja na nyumba ya kukaa. Sasa tupandishe tena mto hadi Warwick. Mwaka 1604 Mfalme James wa Kwanza alimpa Fulke Greville ngome ile ikiwa imechakaa, na Greville akatumia zaidi ya pauni 20,000 kuifufua. Najua Greville naye alikuwa mshairi, tena alishika wadhifa wa kisheria hapo hapo Stratford, simsemi vibaya. Ila nilipiga hiyo hesabu kwenye treni ya kurudi nyumbani na haijanitoka hadi leo. Fedha iliyoingia kwenye kuta zile ingemlipa mwalimu wa Stratford kwa miaka elfu moja.

Baba amefundisha Kiswahili sekondari maisha yake yote ya kazi. Amefundisha Korogwe, amefundisha Muheza, akastaafia Tanga mjini. Alikuwa na nakala ya "Mabepari wa Venisi", mchezo wa Shakespeare uliotafsiriwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1969, jalada limeshikwa kwa gundi ya karatasi, pembeni kumejaa mwandiko wake wa penseli. Kabla yake Mwalimu alikuwa ameshatafsiri "Julius Caesar", 1963, akiwa rais wa nchi iliyotoka kupata uhuru juzi tu, yenye kila aina ya shughuli mezani. Baba hupenda kuwaambia watu hilo: rais alikaa usiku akitafuta maneno na mizani. Sisi watoto tulilelewa na hotuba ya Antoni juu ya maiti ya Kaizari kabla hatujajua Uingereza iko upande gani. Baba akiipiga barazani, majirani walisogeza viti. Sikujua kama aliyeiandika kwanza alikuwa mtoto wa mtengeneza glavu. Nilidhani ni Baba.

Basi ndiyo hivyo, nimechagua. Tunakwenda Stratford. Mwanangu bado ana miaka mingi ya kupanda ile minara, na likizo ya shule nitampeleka, nimemwahidi kwa kuweka tarehe kwenye kalenda ya jikoni, kwa sababu yeye ahadi isiyo na tarehe haikubali. Baba hana likizo nyingine ya kuja huku. Ametimiza sabini na kitu, viza ni mtihani, nauli ni mtihani mwingine. Nikimpeleka kwenye ngome atastaajabu, kisha atarudi nyumbani akasimulie ukubwa wa watu wengine. Nikimpeleka kwenye lile darasa atasimama mbele, mahali pa mwalimu, na sitahitaji kumweleza kitu.

Nilimwambia jana usiku baada ya Isha. Nilidhani atasema tu "sawa mama", kama anavyosema kwa kila kitu toka afike. Alinyamaza kidogo, akavua miwani.

"Wanafunzi walikuwa wangapi darasani?"

Nikamwambia sijui, Baba, tutauliza.

"Na mwalimu alikuwa peke yake?"

"Nadhani alikuwa na msaidizi wa kufundisha wadogo."

"Pauni ishirini," akasema, "na nyumba. Nyumba ni jambo kubwa. Mimi pale Korogwe nilipanga chumba kimoja miaka mingapi, mama yako anajua." Halafu akaanza kuniuliza kuhusu wale walimu watatu, nani alitangulia, nani alifuata, waliondoka kwa nini, na nikaona siku hii imeshaanza kabla hata hatujapanda treni. Mjukuu wake alikuwa amejifanya amelala kwenye kochi. Akafumbua jicho moja akauliza kama huko kuna boti. Zipo, mtoni, karibu na jumba la maigizo, na mabata maji weupe wakubwa wanaofuata watu kwa ajili ya mkate. Akasema kama kuna boti basi sawa.

Tiketi nimeshanunua, za treni ya asubuhi ili tuwahi kabla makundi ya mabasi hayajafika. Nitafunga chapati na chai ya chupa maana Baba hapendi kula barabarani. Tutaanza na darasa akiwa hajachoka, kisha kanisani, boti, na nyumba ya Henley Street mwishoni. Nilipokwenda mimi kulikuwa na waigizaji kwenye bustani ya nyumba ile, unawatajia kipande cha mchezo wowote nao wanakuigizia hapo hapo. Nilimsimulia Baba. Amesema kama watakuwepo ataomba hotuba ya Antoni, atawasikiliza kwa heshima mpaka wamalize, kisha naye ataitoa yote kwa Kiswahili, hapo hapo mbele ya wageni, na nisije nikamvuta mkono.

Sitamvuta. Nimeshamwambia mwanangu simu iwe na chaji.