Siku moja maishani mwangu: fundi wa transista, Kondele, Kisumu

Saa 2 asubuhi. Kabla wateja hawajaanza kuingia, napima transista, vipuri vya miguu mitatu vya kuongoza mkondo wa umeme, zilizong'olewa kwenye bodi kuukuu. BC547, aina moja ya transista ndogo, ikikupa uso bapa, miguu chini, kushoto ni kolekta, katikati besi, kulia emita. Multimita, yaani kipima umeme, iwe kwenye alama ya dayodi (kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu), waya mwekundu kwenye besi, mweusi uguse emita kisha kolekta. Nzima husoma volti 0.6 hadi 0.7 pande zote mbili. Kolekta na emita zikisoma karibu na sifuri, imeungana ndani, tupa. Usiipime ikiwa bado bodini, vipuri jirani vitakudanganya.

Saa 4. Bodi ya kuwasha pampu ya kisima, rilei (swichi inayovutwa na koili ya umeme) haivuti. Koili ya omu 400 kwenye volti 12 hula miliampia 30, na bodi inayotoa amri ina volti 5 tu. Hapo ndipo transista inapofanya kazi: mkondo mdogo wa besi huruhusu mkubwa upite kutoka kolekta hadi emita. BC547 huzidisha mara 110 au zaidi, kwa hiyo kwa hesabu tu miliampia 0.3 zingetosha. Mimi naipa 3. Ikifunguka nusu, volti hubaki ndani yake na kugeuka joto. Volti 5 toa 0.7, gawa kwa 0.003, ni omu 1,433. Naweka risista ya 1.5k.

Transista iliyokuwemo ilikufa kwa sababu dayodi haikuwekwa. Rilei ikizima, koili hurusha volti nyingi ghafla, na BC547 hustahimili 45 tu. Nafunga dayodi ya 1N4007 sambamba na koili, mstari wake ukae upande wa chanya.

Saa 6 mchana stima imepotea. Chai.

Saa 9 alasiri. Amplifaya ya kanisa, transista zake kubwa TIP41C na TIP42C zimeungua. Bati la mgongoni ni kolekta, na karatasi ya mika inayozuia umeme ilikuwa imetoboka, kolekta ikagusana na hitisinki, chuma cha kupoza. Nabadilisha zote mbili, mika mpya, grisi kidogo. Kisha nawasha kupitia balbu ya wati 60: ikimulika kwa nguvu bila kufifia, bado kuna shoti.

Saa 11 jioni napima volti kwenye risista ya emita ya amplifaya hiyo, ya omu 0.33. Milivolti 10 ni kama miliampia 30 za kupumzika, yaani mkondo unaopita bila sauti. Zikipanda kadiri hitisinki inavyopata moto, napunguza preseti, risista ya kurekebishwa, kabla ya kufunga kifuniko.