Siku moja na nyota X Persei, Malindi

Saa tatu asubuhi. Mahamri nayakuta yashapoa. "Mwanao wa mbinguni hajambo?" mama ananiuliza. Hajambo mama, bado amevaa mshipi wake.

Saa nne ndipo kazi yenyewe inapoanza. Picha ya jana haina uzuri wowote, ni spektra, yaani mwanga wa nyota uliotandazwa kufuata urefu wa mawimbi, mstari mwembamba usio hata na rangi. Naupima kwa mistari ya taa ya neoni, kisha nauchora kama grafu na kukuza sehemu moja tu, urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, mahali pa haidrojeni. Nyota nyingi za moto namna hii zina shimo hapo, mwanga unapungua. X Persei ina kilima, mwanga unazidi. Kilima ndicho mshipi: gesi ambayo nyota imeitupa nje kwa kuzunguka mbio, nayo inang'aa. Mwaka 1990 kilikuwa kimetoweka, likabaki shimo kama la nyota yoyote. Baadaye mshipi ukajijenga upya. Basi kila wiki nakipima urefu na upana, nikilinganisha na spektra zilizo kwenye hifadhi ya BeSS kule Ufaransa, inayopokea za wataalamu na za sisi wapenzi wa nyota wa mapaani.

Saa nane, usingizi.

Saa kumi na moja, tuisheni ya fizikia. Nawauliza setilaiti ya Uhuru ilirushwa wapi. Marekani, wanasema wote! Ilirushwa hapa hapa Ngomeni, kwenye jukwaa la Waitaliano baharini, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahususi kutafuta eksirei za angani. X Persei imo kwenye orodha yake, 4U 0352+30, na hiyo U ni ya Uhuru. Eksirei zinatoka kwa mwenzake, nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichoshindiliwa cha nyota iliyokufa, inayojizungusha mara moja kila dakika 14 hivi, huku gesi ikiiangukia. Laiti lingekuwa swali la mtihani, wangelikariri.

Saa moja usiku napanda juu ya paa. Kaskazi inavuma, na chumvi imeshatanda kwenye kioo cha darubini.

"Shikamoo mzee, tuzimie taa ya nje."

"Marahaba. Mpaka saa ngapi leo?"

"Saa sita."

Saa tatu nyota iko juu kabisa upande wa kaskazini. Kila picha dakika 10, taa ya neoni kabla na baada, maana chuma kikipoa mistari husogea. Napiga, nasubiri, nafukuza mbu.

Saa sita kasorobo mzee anawasha taa yake. Picha ya mwisho imeharibika, nafunga vyombo.