Raundi sita zangu, raundi saba zao

Kozi ya elimu ya viungo imenipa C na wallahi sina ugomvi na hiyo C, ugomvi wangu ni raundi. Mtihani wenyewe ule wa Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani aliyeutoa mwaka 1968, unakimbia dakika 12 halafu unapimwa umefika mita ngapi. Hautaki mashine, saa na filimbi basi. Ila mita si lazima ziwe mita jamani?

Sie kundi A tukapangiwa saa tisa mchana, mwezi wa pili, joto la kaskazi hata mbuzi wamejibanza kivulini, wenzetu kundi B wamekimbia saa kumi na mbili na nusu asubuhi kiwanja chengine, kibaridi kizuri, wamemaliza wakaenda zao kunywa chai. Mwalimu kasema raundi moja mita 400, ukipata saba una 2800, hiyo A. Wenzetu wengi wamepata saba. Mie sita kamili, ya saba miguu imekataa.

Jumamosi nikaazima futi kamba ya ami yangu fundi ujenzi, nikaenda na rafiki yangu tukapima viwanja vyote viwili. Chetu mita 430, chao 370. Sasa piga hesabu, saba zao ni 2590, sita zangu 2580. Yaani A na C zimepishana mita kumi, na hapo jua sijalitia!

Pushapu ndo usiseme, kuna mtu alikuwa anatikisa kichwa tu kama mjusi ukutani kahesabiwa 40.

Kama viwanja havilingani si bora watupe ile biip testi, mnakwenda na kurudi mita 20 tu kwa kufata mlio wa biip, mwendo unaanza kilomita 8.5 kwa saa kila dakika unaongezeka nusu kilomita, futi kamba unaivuta mara moja na hata ndani ya ukumbi inafanyika, dada zetu nao wanakimbia bila kukodolewa macho na wapita njia. Halafu sie walimu watarajiwa ndo tutakaowapa maksi watoto skuli kesho na keshokutwa, kwa raundi zipi?

Nikamfata mwalimu nikamuonesha namba kwenye simu. Kazitizama weee, kisha kaniuliza, na hiyo futi kamba nani kakuruhusu kuingia nayo uwanjani?